Kuloba kwa kamba ya mkono juu ya mtumbwi: Kabuno, Bweremana na mto Lowa

Ukipita barabara ya Sake kwenda Bweremana asubuhi mapema, mbele upepo haujaamka, utaona ku ziwa mitumbwi midogo yenye imesimama kama vile imesahauliwa pale. Ndani ya kila mmoja kuna mtu mmoja, mara chache wawili. Hana wavu, hana taa, hana motere. Mkono mmoja umeshika kamba, na mkono ule unapanda na kushuka polepole. Huyo ni mlobaji.

Kwa Kiswahili cha Masisi na Walikale, kuvua ni neno kubwa lenye linaingiza nyavu, mitego na yote. Kuloba ni neno dogo: kukamata samaki kwa ndobo, yaani ndoano. Ndiyo kazi ya mtu mwenye hana pesa ya wavu. Ndiyo pia kazi ya yule mwenye alikuwa na wavu na akaupoteza, na tangu Sake na Minova zitekwe mnamo mwezi wa kwanza 2025, watu wa namna hiyo si wachache. Wavu mzuri unaomba dola. Kamba, ndobo tatu na kipande cha risasi vinaomba franga kidogo, na mtumbwi mtu anaweza kuazima kwa jirani na kulipa kwa samaki.

Kamba, ndobo na risasi

Kamba ya siku hizi ni nailoni. Inafungwa ku kipande cha mti ao ku chupa ya plastiki, ili isijisokote. Ku mwisho wa kamba kuna uzito: kipande cha risasi, nati ya chuma ao hata jiwe dogo lenye kufungwa vizuri. Wavuvi wa pwani ya bahari wanaita uzito huo chubwi. Juu ya uzito, kwa umbali wa shubiri moja ao mbili, zinafungwa ndobo, moja ao zaidi, kila moja ku kikamba chake kifupi. Ndobo ikifungwa chini ya uzito inalala ndani ya matope na samaki hamwoni chambo. Ni kosa la kwanza la kila kijana mwenye anaanza.

Kamba inapimwa kwa pima, ni kusema urefu wa mikono miwili yenye imenyooshwa, karibu mita 1 na nusu mpaka 1,8 kufuatana na mtu. Mlobaji mwenye akili anafunga fundo kila pima tano. Gizani, ao wakati macho yake yako ku mawingu, vidole vinahesabu mafundo na anajua uzito uko wapi. Habari hii ya mafundo inaonekana ndogo, lakini ku ziwa Kivu ndiyo inaamua kama mtu atakula. Sababu itaelezwa chini.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Mtumbwi unafungwa ku jiwe la nanga ao ku mti wenye umeanguka majini. Kamba inashushwa wima, mpaka ilegee: uzito umegusa chini. Hapo inavutwa juu nusu pima. Kisha mkono unaanza: unainua kamba kwa haraka kidogo, unaiacha ishuke, unangoja, unarudia. Samaki mwenye analisha anaona kitu kinaruka na kuanguka, sawa vile mdudu ao samaki mdogo mwenye ameumizwa. Mara nyingi anakamata wakati kitu kinaanguka, si wakati kinapanda. Ndiyo maana mlobaji haachi kamba ilegee kabisa ikishuka. Anaisindikiza kwa vidole, ili asikie.

Kusikia ndiyo ufundi. Tilapia anagonga kidogo kidogo kama mtoto mwenye anabisha mlango. Kambale anabeba chambo na kuondoka taratibu, kamba inakuwa nzito tu. Barbi mkubwa wa ziwa, yule mwenye magamba makubwa na ndevu fupi ku mdomo, anapiga mara moja na kukimbia, na kamba inaweza kukata ngozi ya mkono. Kwa hiyo hakuna mlobaji wa zamani mwenye anazungusha kamba ku mkono wake. Inalala chini, katikati ya miguu, imekunjwa duara. Mtu mwenye anaifunga ku kifundo cha mkono ili asinzie, ni mtu mwenye hajakutana na samaki mkubwa.

Chambo ni minyoo ya udongo kwanza, kwa sababu karibu kila samaki anaikubali. Panzi na mchwa ni vizuri wakati wa msimu wao. Bugali yenye imekandwa ngumu inafaa kwa tilapia, hata kama chakula chake kikubwa ni majani madogo sana ya majini yenye macho hayaoni. Vipande vya matumbo ya samaki ao ya kuku ni kwa kambale, mwenye hachagui.

Wengine duniani wanavyofanya

Namna hii ya kushusha uzito wima na kuuchezesha haikugunduliwa Kivu, wala mahali pamoja tu. Kule Kanada na kaskazini mwa Marekani kuna samaki mmoja wa maziwa ya baridi, truiti wa ziwa, mwenye Wakenya wangemwita trauti. Anaishi ndani ya maji ya digrii 10 hivi, na wakati wa joto anashuka chini sana kutafuta baridi. Watu wanamfuata huko kwa kipande cha chuma chenye kung'aa, chenye umbo la samaki mdogo, na ndobo imefungwa humo humo. Hakuna chambo. Ni mng'aro na mchezo tu. Wakati wa majira ya baridi wanatoboa barafu na kushusha kamba ndani ya tundu. Wakati wa joto wengi wanatumia kayaki, mtumbwi mwembamba wenye umefunikwa juu, wenye asili yake ni Wainuit, watu wa nchi ya barafu, waliokuwa wanautengeneza kwa ngozi za wanyama juu ya mifupa ya mti.

Kayaki za plastiki zimeonekana hata hapa. Ku kisiwa cha Tchegera, chenye kinashugulikiwa na Hifadhi ya Virunga magharibi mwa Goma, watalii walikuwa wanapewa kayaki za kutembea nazo. Kwa mlobaji wa Kirotshe, chombo kile kina faida moja na hasara moja. Faida: mtu anakaa chini kabisa, karibu usawa wa maji, na hapinduki ovyo. Hasara: samaki wataenda wapi? Mtumbwi wa mti una tumbo lenye linabeba samaki, ndoo, mtoto wa kusaidia kumwaga maji, na wakati mwingine mkungu wa ndizi wa kupeleka sokoni.

Truiti hayuko Kivu. Waingereza walileta ndugu zake Kenya tangu 1905 na wakazoea mito ya baridi ya mlima Kenya na Aberdare, lakini maji ya juu ya ziwa letu yana digrii 23 mpaka 25, na hapo hawezi kukaa.

Jirani wa karibu zaidi kwa kazi hii ni Tanganyika. Ku Uvira, Kalemie, Bujumbura na Kigoma, kuna walobaji wa mukeke, samaki mrefu mwenye anawinda ndakala katikati ya ziwa, mbali na pwani. Watu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Kamba yake inabeba ndobo nyingi, na badala ya minyoo wanafunga manyoya ao kitu cheupe chenye kung'aa. Kamba inashushwa, inachezeshwa juu na chini, na ikiingia katikati ya kundi inaweza kupanda na samaki kadhaa mara moja. Kwa macho, ni kazi moja na ile ya Kanada: samaki mwindaji wa maji ya wazi, na kitu chenye kung'aa kinachomdanganya.

Basi, kwa nini mlobaji wa Masisi hafanyi hivyo, aende katikati ya ziwa, ashushe pima hamsini na kupandisha samaki wakubwa? Vijana wengine wanajaribu. Wanarudi mikono mitupu, na maneno ya uchawi yanaanza. Jibu liko ndani ya maji yenyewe.

Ziwa lenye nusu kubwa haina pumzi

Kivu ina kina cha mita 480 na zaidi. Lakini samaki anahitaji oksijeni, na oksijeni inashuka mpaka mita 30 hivi wakati wa mvua, na mpaka karibu mita 60 wakati wa kiangazi, yaani mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati upepo wa kusini unachanganya maji. Chini ya hapo hakuna kitu chenye kupumua. Kuna chumvi, kuna gazi: karibu kilomita kyubiki 300 za gazi ya kaboni na karibu 60 za metani, zimefungwa na uzito wa maji ya juu. Tena kuna jambo lenye linashangaza wageni: ku Kivu maji ya chini kabisa yana joto kuliko ya katikati, sababu chemchemi za moto wa volkano zinaingia kutoka chini. Ile baridi yenye truiti anafuata kule Kanada, hapa haiko huko chini.

Ku Ghuba ya Kabuno, ile mkono wa ziwa wenye uko mbele ya Sake, hali ni ngumu zaidi. Kabuno ni kama ziwa dogo la peke yake, la kilomita mraba 48 hivi, lenye limeungana na ziwa kubwa ku mlango mwembamba wenye kina cha mita 10 tu. Ndani yake kina kinafika zaidi ya mita 100. Lakini oksijeni inaishia karibu mita 10 ao 11. Kwa kamba ya mlobaji, hiyo ni pima sita, saba. Mtu akishusha pima kumi katikati ya Kabuno, ndobo yake iko ndani ya maji mafu, yenye chuma na gazi nyingi, na anaweza kuchezesha mkono mpaka jua lizame.

Hapa ndipo mafundo ya kamba yanapata maana. Walobaji wenye wanajua Kabuno hawaendi katikati. Wanafuata ukingo, mahali pa mawe ya volkano ya zamani, mahali mto unaingia, mahali matete yanaishia, penye chini ya ziwa iko ndani ya pima mbili mpaka tano. Kule Bweremana na Shasha, upande wa ziwa kubwa, mtu anaweza kushuka zaidi, lakini hata huko samaki wengi wa ndobo wanakaa karibu na pwani.

Sababu ya pili ni kwamba Kivu ni maskini wa aina za samaki. Tanganyika ina mamia. Kivu ina karibu 28 ao 29, na nyingi ni samaki wadogo wa mawe, ndugu wa wale wenye watu wa ziwa Victoria wanaita furu. Watoto wa Kirotshe wanawaloba kwa mwanzi na uzi wa kushonea. Wakubwa wa kuliwa ni tilapia wa aina kadhaa, kambale, na barbi. Hakuna sangara, hakuna mukeke. Samaki mwindaji wa maji ya wazi, yule wa kudanganywa na manyoya ku pima ishirini, hakuna.

Sambaza, mgeni mwenye alichukua ziwa

Kabla ya uhuru, katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula wadudu wadogo wa majini. Watu wa serikali ya Wabelgiji waliona maji yale yote ni kama shamba lenye halijalimwa. Kati ya 1958 na 1960 wakaleta watoto wa samaki kutoka Tanganyika, aina mbili za ndakala. Moja ilikufa. Ile nyingine, yenye wataalamu wanaita Limnothrissa miodon, iliishi, ikaongezeka, na leo ndiyo sambaza, samaki wa kila soko kuanzia Bukavu mpaka Goma. Walioileta hawakuleta adui wake. Mukeke alibaki nyumbani.

Sambaza haikamatwi kwa ndobo. Inavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mitumbwi mitatu yenye imeunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, na wavu mkubwa wenye unashushwa na kuinuliwa. Namna hiyo ilienea kutoka Gisenyi, kwa mradi wa Umoja wa Mataifa wenye ulianza 1979. Nyimbo zenye watu wa pwani wanasikia magaribi ni za wale wavuvi wakipiga makafi kwa pamoja. Mwezi ukijaa wanapumzika, sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi.

Mlobaji wa kamba anafanya kazi kinyume yao. Wao usiku, yeye asubuhi na jioni. Wao katikati, yeye ku ukingo. Wao kumi ndani ya ekipe moja, yeye peke yake. Hata mwezi mzima haumzuii. Kwa hiyo siku zenye sambaza haiko sokoni, samaki yake inapata bei, na hiyo ndiyo hesabu yenye inamlisha.

Kitu chenye kinamwua mlobaji si sambaza, wala si mitumbwi mitatu. Ni vyandarua vya mbu na nyavu za macho madogo zenye zinakokotwa ndani ya vighuba, mahali tilapia anatunzia watoto wake. Tilapia wa Kivu anabeba mayai na watoto ndani ya mdomo, na akiona hatari anawarudisha humo. Mama mmoja akikokotwa ku pwani, kizazi chake chote kinabaki ndani ya chandarua kile. Hakuna ndobo yenye inaweza kufanya ubaya wa namna hiyo: ndobo ya kiasi haiingii ku mdomo wa samaki wa kidole kimoja. Sheria inakataza nyavu hizo, na kila mtu ku pwani anajua. Lakini wakati wa vita mtu wa kukamata chandarua ni nani, na mwenye chandarua naye ana watoto wenye njaa. Upande wa Rwanda, uvuvi wa sambaza unafungwa miezi miwili kila mwaka ili samaki wazae. Upande wa Congo, kila ghuba inaishi kwa masikilizano yake, pale yenye yako.

Kutoka ziwa kwenda mito: Walikale

Ukivuka milima ya Masisi, kupitia malisho ya ng'ombe na jibini, na kushuka magharibi, unaingia ndani ya msitu wa Walikale. Huko hakuna ziwa kubwa. Kuna Lowa, mto wenye unapita Walikale-kati na kwenda kumwagika ndani ya Lualaba, na kuna Oso na mito mingine yenye inaulisha. Mtumbwi wa huko ni mwembamba na mrefu, umechongwa ku mti mmoja, kwa sababu miti mikubwa ingali iko. Ku vilima vya Masisi, mti wa kutoa mtumbwi mzima ni shida kuupata siku hizi, na wengi wanaunga mbao na kuziba nafasi.

Ku mto, kamba haishuki wima. Maji yanaibeba. Mlobaji wa Lowa anaongeza uzito, ao anatafuta mahali mto umepinda na kufanya kisima kirefu chenye kutulia, nyuma ya jiwe kubwa ao mti wenye umeanguka. Pale maji yanazunguka polepole na samaki wanapumzika. Mtumbwi unafungwa ku mizizi, na kazi ya juu na chini inawezekana. Wengine hawangoji: wanafunga kamba fupi za ndobo ku matawi jioni, moja moja kando ya mto, na kupita alfajiri kukusanya. Kambale anapenda usiku, na njia hiyo inamfaa.

Oksijeni ku mto si shida, maji yanajipiga yenyewe ku mawe. Shida ya Walikale ni mbili. Ya kwanza ni sumu. Majani ya utupa yanapondwa na kutiwa ndani ya kijito, samaki wanalewa na kuelea, wakubwa na wadogo pamoja. Zamani ilikuwa kazi ya kijiji kizima, kwa siku maalum, ndani ya kijito kidogo wakati wa kiangazi. Leo wako watu wenye wanatumia sumu ya dukani, ya kuua wadudu wa shamba, na hiyo ni hatari hata kwa mtu mwenye anakula samaki ile. Shida ya pili ni matope ya machimbo. Mahali udongo wa kasiteriti na dhahabu unaoshwa, kijito kinabadilika rangi, na samaki mwenye anatafuta chakula kwa macho haoni tena chambo. Kambale, mwenye anatafuta kwa ndevu, anabaki. Mlobaji wa karibu na machimbo anakamata kambale tu, si kwa kupenda.

Samaki inafika sokoni namna gani

Samaki ya ndobo ina sifa moja yenye wamama wachuuzi wanaijua: inafika nzima, magamba yote, mara nyingi bado inahema. Tilapia wa wavu amekaa usiku akijipiga, nyama imelegea. Ku Bweremana na Sake, mwenye kununua anafunua mashavu kwanza. Mekundu ni ya asubuhi, ya kijivu ni ya jana. Kisha anatazama mdomo. Kitundu cha ndobo ku mdomo kinaongeza bei kidogo, na wako wajanja wenye wanatoboa mdomo wa samaki wa wavu kwa msumari.

Mpinzani wake mkubwa si samaki mwingine wa ziwa. Ni tomsoni ya barafu kutoka mbali, na makayabu yenye chumvi, ndani ya makarto. Tomsoni haina msimu, na kwa bei mama wa watoto saba anaweza kugawanya kipande kwa kipande. Barabara ya Sake ikifungwa, hata tomsoni inapanda, na hapo mlobaji wa Kabuno anakuwa mtu wa maana kwa wiki mbili tatu. Halafu barabara inafunguka na anarudi kuwa yule mtu wa kamba.

Walikale ni kinyume. Barabara ya kutoka Goma ni mbaya na ndefu, na samaki ya barafu haifiki salama. Samaki ya Lowa inaliwa palepale, mbichi ao yenye imekaushwa ku moshi, pamoja na sombe. Kuikausha ndiyo njia pekee ya kuifikisha ku machimbo, mgongoni mwa mtu.

Hatari, na namna ya kurudi nyumbani

Ziwa Kivu halina mamba, wala kiboko. Watu wanakufa kwa upepo, radi, gazi na mitumbwi yenye imejaa kupita kiasi.

Upepo unaamka mara nyingi kabla ya saa sita mchana. Mlobaji anamaliza kamba yake ya asubuhi saa tatu ao saa nne. Mtumbwi mdogo wa mtu mmoja unapinduka si sababu ya wimbi peke yake, ila sababu ya mtu kusimama ili kuvuta samaki kubwa wakati wimbi linafika ubavuni. Samaki inavutwa ukiwa umekaa, magoti yamefunguka, na kichwa cha mtumbwi kinatazama wimbi.

Radi ni adui mwenye watu wanamzoea vibaya. Utafiti wa satelaiti wenye ulitolewa mwaka 2016 uliweka sehemu kadhaa za mashariki ya Congo kati ya zile 10 zenye kupigwa radi zaidi duniani. Mtu ndani ya mtumbwi ndiye kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji. Wingu jeusi likionekana juu ya milima ya Masisi na ngurumo inasikika, kamba inakunjwa, hata kama samaki wanakula.

Gazi ni jambo la pwani zaidi. Kati ya Goma na Sake kuna mabonde madogo na mashimo yenye yanajaa mazuku, ile hewa nzito ya kaboni yenye inatoka ardhini. Haina harufu wala rangi. Inajaa usiku wakati hakuna upepo, na inakuwa mbaya zaidi alfajiri, saa ileile yenye mlobaji anashuka kwenda ku mtumbwi wake. Dalili ni majani yenye kukauka ndani ya shimo, ao ndege na panya wafu. Njia ya kwenda ziwani ipite juu, si ndani ya bonde. Mtoto asitumwe kufungua mtumbwi peke yake, sababu kimo chake kifupi kinamweka ndani ya hewa ile wakati mkubwa bado anapumua. Mtu akianguka shimoni, mwenzake asiinamishe kichwa kumfuata: aite watu, walete kamba, wamvute.

Halafu mizigo. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua yenye ilitoka Minova, imejaa watu na bidhaa, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingoja. Makumi walikufa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, na wote walilazimika kupita majini. Tangu pale jile za kuokoa zimesemwa sana, lakini mlobaji wa kamba hana jile. Wenye wanafikiri wanafunga bidoni mbili tupu za lita 5, zenye zimefungwa vifuniko vizuri, ku kamba fupi ndani ya mtumbwi. Asubuhi zinakaliwa kama kiti. Mtumbwi ukipinduka, zinapitishwa chini ya makwapa.

Na mtumbwi wenyewe usiachwe. Mti unaelea hata ukijaa maji mpaka ukingo. Wengi waliokufa maji karibu na pwani walijaribu kuogelea, sababu nyumba zilionekana karibu. Mwenye alishika mti, upepo wa mchana ulimleta ku mchanga.